Shikamoo ya Mzee Ubeid

Mke wangu Candida ni nesi wa wanaume. Nasema hivyo moja kwa moja, kwa sababu Kariakoo ukiwaachia watu wakumalizie sentensi, watakumalizia vibaya. Kila Alhamisi, katika kituo cha afya kilicho nyuma ya soko, yeye ndiye anayewapokea wanaume wenye matatizo ya sehemu zile ambazo mwanaume akiulizwa anaumwa wapi, hujibu mgongo. Tezi dume, busha, mkojo uliogoma kutoka, mtoto anayesubiriwa wala haji, vijana waliokunywa dawa za chupa za barabarani wakaishia kuumwa zaidi. Wote hao ni wake.

Mimi nauza mabeseni, ndoo na majagi ya plastiki Mtaa wa Narung'ombe. Jina langu ni Hillary, ila tangu nishuke kutoka Marangu anayeniita hivyo ni padri peke yake. Kwa wengine wote Mchaga mwenye duka ni Mangi, yamekwisha. Jirani yangu Marcelino, muuza mikanda na saa, haikupita wiki bila kunichokoza.

"Mangi, mkeo leo kashawaona wangapi?"

"Foleni bado ipo. Nenda ukawahi."

Mtaa mzima unacheka, mimi nacheka, biashara inaendelea. Jambo moja tu lilikuwa likinikera kwa Marcelino. Candida akipita dukani, yeye mwenye mdomo wote huo hugeuka akaanza kutafuta kitu mfukoni, hamsalimii hata kwa ukope. Nikadhani ana kinyongo naye.

Kazi hii Candida hakuirithi wala hakulazimishwa. Baba yake, Mzee Eliakimu, aliwahi kuzuiwa mkojo kule nyumbani akavumilia mpaka tumbo likawa gumu, eti hawezi kuwaambia mabinti zake. Walimfikisha hospitali akiwa hoi. Akawekewa mpira, akatibiwa tezi, na leo anapanda migomba na kugombana na majirani kuhusu mfereji wa maji. Candida alimuuliza kwa nini alinyamaza. Akasema, "Hakuna aliyeniuliza vizuri." Ndipo mke wangu, aliyekuwa wodi ya wazazi akifurahia vichanga, akaomba ahamishiwe kwa wanaume. Wenzake walimshangaa, na mimi mwenyewe, nikiwa mkweli, nilinuna wiki nzima.

Lakini njoo umwone anavyofanya kazi. Ubao wa nje ya chumba chake umeandikwa PRESHA, na aliupigania ubao huo mpaka mganga mfawidhi akachoka. Anayeketi kwenye benchi lile anapimwa presha kweli, kwa hiyo hakuna mtu wa kumnyooshea kidole. Mgonjwa akiingia, Candida humkaribisha kwa adabu, humwonyesha kiti, kisha hugeukia meza ya ukutani na kuanza kukunja shashi za vidonda. "Nakusikiliza, baba," anasema, huku kampa kisogo. Kwa maelezo yake, mwanaume akitazamwa usoni anaumwa mgongo, akipewa kisogo anaumwa panapouma.

Nje ya kituo alikuwa na sheria nyingine, na hiyo ndiyo iliyotutia taabuni. Mtaani Candida hakuwa akimsalimia mwanaume yeyote kwanza. Zamani aliwahi kumwamkia mzee mmoja pale sokoni kwa furaha, shikamoo baba, unaendeleaje, na wenzake yule mzee wakaanza kumdodosa: nesi wa Alhamisi unamjulia wapi? Mzee hakurudi tena kusafishwa kidonda. Candida alilia sana siku alipopata habari zake. Tangu hapo akajifunga: mwanaume anayetaka kumjua, aanze mwenyewe kumsemesha. Asipoanza, basi hawajuani.

Sasa fikiria, katika mji huu, mwanamke wa umri wake anapita mbele ya wazee waliokaa barazani bila kuwapa shikamoo. Walimsema wakachoka. Nesi wa Kichaga hana adabu, anajiona, hakufunzwa kwao. Maneno yakapanda basi mpaka Marangu, mama yangu akanipigia simu kuniuliza nimeoa mtu wa namna gani.

"Si uwaamkie wote basi yaishe?" nilimfokea siku moja.

"Nikimwamkia mgonjwa wangu anashtuka, Baba Allen," akasema. Allen ni mwanetu. "Na kule kushtuka ndiko kunakomsema. Acha mimi nisemwe."

Kila mara huwa yuko sahihi, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi kwa mke wangu.

Mtaa wetu ulikuwa na mtu mwingine aliyesemwa kwa kukosa adabu. Huyo ni Mzee Ubeid, tunayetazamana naye dukani. Anauza kanzu, kofia, udi na marashi, na familia yake ya Kiarabu iko Kariakoo tangu babu zake. Mchana kutwa aliketi kwenye kiti cha ngozi nyuma ya meza ya kioo, kanzu pana imemfunika mpaka chini, mkono anakupa akiwa ameketi. Mteja akija, haondoki kitini. Mzee mwenzake akija, haondoki. Sheikh wa msikiti alikuja kumpa pole ya msiba wa dada yake, naye akaipokea hapo hapo alipo. Kwa watu wetu, mtu mzima anayeheshimika akiingia kwako unainuka. Hata kama goti linauma, unajitutumua. Kwa hiyo tuliamini sote kwamba Mwarabu yule ana kiburi, nami nilikuwa mstari wa mbele, maana nilikuwa namwona kila siku.

Kisha ikaja habari ya harusi. Mwanawe Amjad, kijana mpole anayenisaidia kushusha mzigo bila kuombwa, alimpenda Anfal, binti wa fundi magari wa Buguruni. Wazee wa upande wa Anfal wakaja dukani kujitambulisha, wamevaa vizuri, wanaume watatu na zawadi zao. Niliona kwa macho yangu. Mzee Ubeid aliwakaribisha kwa maneno matamu, akaagiza kahawa na halua, akatabasamu, lakini mwili haukuondoka kitini. Mjomba wa binti akabaki amesimama na mkono wake umening'inia, kisha akaupeleka chini kuufuata wa mzee.

Walipotoka, yule mjomba alisimama karibu na ndoo zangu, sauti juu.

"Sisi mafundi, sawa. Tunanuka oili, sawa. Lakini binti yetu haendi kwa mtu asiyeweza kutuinukia! Siku ya harusi baba wa kijana atangulie mbele ya zefe, kwa miguu yake, mpaka mlangoni kwetu. Akija kwenye gari, wageuze na bwana harusi wao."

Wasiojua waelewe: zefe ni ule msafara wa kumpeleka bwana harusi, wanaume wanatembea wakipiga dufu na kuimba kasida. Yetu ilipangwa itoke Narung'ombe, ikatize mitaa hadi Mnazi Mmoja yanakosubiri magari, kisha ishuke tena njia panda ya Buguruni itembee hadi kwa kina Anfal. Na Mzee Ubeid alikuwa ameshatamka kwamba yeye ataenda kwa gari.

Amjad alikuja kukaa kwangu jioni ile, juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Baba hamtaki Anfal, Mangi. Angesema tu. Hii ya kuuchuna inaniua."

Nilimwonea huruma mno. Nikamwambia baba zetu ni watu wazito, nikampa soda, na moyoni nikamtukana baba yake.

Ninayosimulia kuanzia hapa nimeyapata kwa Mzee Ubeid mwenyewe, ambaye siku hizi huyasimulia hata kwa mteja aliyekuja kununua kofia. Candida mpaka leo ukimuuliza anasema, "Kamuulize mwenyewe."

Jumamosi iliyofuata, Bi Mauza, mke wa Mzee Ubeid, alivuka barabara kuja kununua beseni. Lilikuwa beseni lake la tatu mwaka ule.

"Nataka pana kuliko yote. La mtu mzima kuketi ndani."

"Mama, kule ndani mnaogesha ngamia?" nikamtania.

Hakucheka. Candida alikuwa amekuja kunisaidia siku ile. Aliinuka, akageukia rafu na kuanza kupanga ndoo ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

"Baba Allen, nenda kanitafutie chai," akasema.

"Chai si hii hapa kwenye chupa?"

"Nataka ya kwenye banda."

Nikaelewa, nikaondoka. Nyuma nikamsikia akisema, bado kampa mama wa watu kisogo, "Nakusikiliza, mama."

Alhamisi Mzee Ubeid alipitia uchochoroni, taratibu, akashika ukuta mpaka kwenye benchi la presha. Alipimwa presha. Aliingia, akaonyeshwa kiti, na Candida akaanza kukunja shashi.

"Naumwa mgongo," akasema mzee.

Candida akakunja shashi.

"Ni mgongo wa zamani."

Akakunja nyingine. Mzee anasema alianza kuzihesabu zile shashi. Mwisho akasema, "Ila mwanangu, mgongo wenyewe umeshuka, umekuja mbele."

Anavyosimulia, yule nesi hakucheka, mabega tu yalitikisika kidogo. Na yeye mwenyewe akacheka kwanza, kisha akalia kilio cha mtu mzima, maana tangu Amjad yuko shule ya msingi hakuwahi kumwambia mtu zaidi ya Bi Mauza. Busha lilianza dogo, likawa la kufichwa na kanzu, likawa halifichwi na kanzu mtu akisimama. Kwa hiyo akaacha kusimama mbele za watu. Msikitini alikuwa anakwenda mapema kabla ya wote, anaswali kwenye kona akiwa ameketi, anatoka wa mwisho. Nyumbani ni beseni la maji ya moto na chumvi, kwa sababu mtu fulani alimwambia yanayeyusha. Na madafu, kinywaji alichokipenda kuliko vyote, hakuyagusa tena, maana mjini hapa wanaume wote wameambiwa tangu wadogo kwamba madafu ndiyo yanayoleta busha.

Candida alivuta pazia, akamfunika kwa shuka akaacha wazi pale tu palipotakiwa, akamweleza kila anachofanya kabla hajakifanya. Akazima taa, akawasha tochi ya simu na kuiegesha chini. Mwanga ukapita, mwekundu, ng'aring'ari.

"Unaona, baba? Hapa mwanga unapita. Naona ni maji tu, ila daktari naye aje athibitishe. Maji yanatolewa."

"Na madafu?"

"Madafu hayana kosa lolote. Ni mbu. Mbu anakuuma leo, shida inajitokeza miaka mingi baadaye."

Mzee anasema alikasirika vibaya sana, si kwa sababu ya mbu, bali alipofikiria madafu yote ambayo hakuyanywa.

Daktari alikuja, akapima, akasema vile vile. Ndipo mzee akauliza swali aliloogopa kuliko kisu.

"Harusi ya mwanangu ni miezi miwili ijayo. Nitaweza kutembea mbele ya zefe?"

"Ukifanyiwa wiki hii na ukinisikiliza, utatembea," Candida akamjibu. "Usiponisikiliza, utaketi kama ulivyoketi."

Akatangaza dukani kwamba anasafiri kwenda Tanga kwa ndugu. Kumbe alipigwa ganzi, akapasuliwa, akarudishwa nyumbani kwake ghorofani kwa mlango wa nyuma, mita chache kutoka kwenye kiti chake kitupu. Amjad alikuwa analala kwa rafiki yake Ilala kwa hasira, kwa hiyo hakuona kitu. Alikuja kwangu macho mekundu.

"Harusi yangu imekaribia, yeye kaenda Tanga! Sasa Mangi, hii si dharau?"

Usiku nilimweleza Candida. Alikuwa anakoroga mtori. Akaacha mwiko, akafuta macho kwa mgongo wa mkono.

"Mwambie Amjad asubiri," akasema.

"Asubiri nini?"

"Asubiri tu."

Kesho yake, baadaye nilikuja kujua, alimsihi mzee amwambie mwanawe. Mzee akakataa. "Nitamwambia kwa miguu," akasema.

Wiki ile ile mke wangu alinituma Mtaa wa Kongo kununua chupi za kiume za kubana, za pamba, saizi kubwa. Nilimuuliza ni za nani, akanitazama tu. Basi nikasimama pale kati ya wamachinga, mimi Mangi wa mabeseni, nikivuta mpira wa chupi zisizo zangu kuona kama una nguvu. Marcelino akanikuta.

"Mangi, kulikoni?"

"Za kwangu."

Akazitazama, akanitazama kiuno, akasonya kwa kunihurumia, akaenda kuusambazia mtaa habari. Nilitaniwa mpaka Ijumaa.

Chupi zile, kumbe, ni za kubeba kidonda kisining'inie. Siku kadhaa baada ya upasuaji, mzee alijitazama akaona kumevimba, akapiga kelele kwamba limerudi. Bi Mauza akamtumia Candida ujumbe, naye akachukua beseni dukani kwangu, akalitia kichwani, akaingia mlango wa nyuma kama mtu anayepeleka mzigo. Akakagua, hakukuwa na usaha wala homa. Akamweleza kwamba kidonda huvimba kwanza kisha hunywea chenyewe, akambadilishia shashi, akamwonyesha Bi Mauza namna ya kukunja taulo dogo la kukiinua akilala. Akawaambia wote wawili, bila kupepesa, kwamba mambo ya chumbani yasubiri mpaka daktari aruhusu. Bi Mauza akajifunika uso kwa mtandio. Mzee anasema hapo ndipo alipoamini kwamba atapona, kwa sababu mtu hawezi kukukataza kitu usichoweza kukifanya.

Siku ya harusi Narung'ombe ilijaa. Dufu zilishaanza kupashwa moto, udi unafuka, Amjad amevaa joho jeusi lenye nakshi za dhahabu na uso wa mtu anayepelekwa mahakamani. Gari jeupe lilikuwa limeegeshwa mlangoni kwa ajili ya baba yake. Mlango wa ngazi ukafunguliwa.

Mzee Ubeid alitoka na bakora yake. Alisimama kizingitini, wima, kanzu nyeupe imeshuka moja kwa moja mpaka kwenye viatu. Mimi nilikuwa sijawahi kuujua urefu wa yule mtu! Ni mrefu kuliko mwanawe. Alilipita gari bila kulitazama, akaja mbele ya Amjad, akamtengeneza kilemba.

"Twende," akamwambia. "Buguruni mbali, na mimi nataka wakwe zangu wanione nikija."

Amjad alilia pale pale mbele ya watu. Dufu zikapigwa kwa nguvu, vigelegele vikatoka madirishani, zefe ikaanza kutembea.

Candida alikuwa mlangoni kwangu. Zefe ilipokaribia, akafanya anachofanya siku zote: akageukia rafu, akaanza kupanga mabeseni. Kisogo chake kilikuwa barabarani. Nilikuwa bado sijui lolote, nikataka kumvuta aone, shughuli nzuri namna hii inampita.

Mzee Ubeid akainua bakora. Dufu zikanyamaza moja moja, na watu wa nyuma wakawagonga wa mbele.

"Nesi Candida."

Mke wangu aligeuka na beseni mkononi.

"Miaka yote unapita mbele ya duka langu hunipi shikamoo yangu. Nami miaka yote siinukii mtu. Watu wakasema sote wawili hatuna adabu." Akaihamishia bakora mkono wa pili. "Leo nimekuja kuidai."

Candida alimtazama, na macho yake yalikuwa yanamuuliza kama anajua anachokifanya. Mzee akaugeukia mtaa.

"Nilikuwa na busha, jamani! Ndilo lililonikalisha. Si kiburi. Amjad, si Anfal. Binti huyu kanihudumia, na hakumwambia hata mumewe, tazameni alivyoduwaa." Kweli nilikuwa nimeduwaa. "Haya, mwanangu. Nipe yangu."

Candida aliweka beseni chini, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," akasema Mzee Ubeid. "Marahaba, mwanangu, marahaba."

Nilidhani yameishia hapo. Lakini kutoka katikati ya zefe akajitokeza mzee mmoja muuza viungo, anarekebisha kofia. "Na mimi, nesi. Yangu." Candida akamwamkia. Kutoka barazani, pale pale walipokaa waliokuwa wakimsema, akainuka mzee mwingine. Kisha mwingine. Walikuja bila kusukumana, wanaume wazima, kila mmoja akaipokea yake na kurudi kwenye msafara, na hakuna aliyecheka. Machozi yalikuwa yanamtoka mke wangu huku anatabasamu, na mimi nililia pia.

Dufu zikaanza upya. Zefe ilikuwa inakata kona, Mzee Ubeid mbele kabisa, kijana wa madafu akimkimbilia na dafu lililokwishachongwa. Marcelino alikuwa bado amesimama karibu na meza yake ya mikanda, mikono mfukoni. Alisogea hatua moja kuja kwetu.

"Nesi," akasema, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Mambo?"

Nilimtazama. Yeye alikuwa anatazama viatu vyake.

"Poa, Marcelino," mke wangu akamjibu.